Theluji Niliyomwekea Mama Riziki

Mkiniona asubuhi ya theluji nimesimama dirishani na kikombe cha chai, nawatazama majirani wakimwaga chumvi kwenye vijia vyao iyeyushe barafu, msidhani nimekosa la kufanya. Nakagua kazi. Mtu akizidisha namgongea kioo, na akiinua macho namwonyesha kwa vidole: punguza. Mke wangu anasema iko siku nitaitiwa polisi. Bado sijaitiwa.

Nimestaafu mimi, mkono haujastaafu. Kazi yangu maisha yote ilikuwa chumvi. Ujana wangu niliitoa baharini, utu uzima wangu niliimwaga Minnesota, huku Amerika. Baadhi yenu vijana sasa mmeajiriwa kwenye kampuni hizi hizi za kusafisha theluji, na wengine mnanisikia Kiswahili vizuri ila mnanijibu kwa Kiingereza. Wote nawaandikia, maana yapo mambo hayafundishwi kwenye ile video ya usalama mnayoonyeshwa siku ya kwanza.

Kwetu ni Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, jua likayapunguza, yakahamishiwa la pili, la tatu, mpaka chumvi yenyewe ikakaa chini, nyeupe, inaumiza macho. Msimamizi wetu alikuwa mzee aitwaye Charo, mtu wa maneno machache na miguu iliyopasukapasuka. Alinikuta siku moja nimeinama natazama bwawa ili nijue kama maji yamekomaa. Akanipiga kofi la kisogo. "Jua linakudanganya macho, Kassim. Onja." Tangu hapo nikawa mtu wa kuonja.

Ndiyo maana siku yangu ya kwanza kazini Minneapolis nilifungua mfuko nikatia punje ulimini. Dale, bosi wetu, Mzungu mrefu mwenye masharubu ya kijivu, alikuwa anakunywa kahawa akabaki mdomo wazi. Nikamwambia chumvi yao mbaya, ina udongo. "Kassim," akasema, "hiyo si ya kula." Nikamjibu kwamba hata kama si ya kula, kitu ukikishika kila siku yafaa ukijue. Habari zikaenea, na mpaka nastaafu kila ikija shehena mpya wenzangu waliniita nionje, wakisimama pembeni wanacheka. Nami nilionja kweli, nikatoa hukumu.

Jambo lililonishangaza zaidi nilimwambia Dale wiki hiyo hiyo. Nilimwambia kwetu watu wanahangaika mwezi mzima kuitoa chumvi kwenye maji, na nyinyi mnainunua kwa tani ili muirudishe kwenye maji. Alicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikapanda lori nikaenda kuimwaga.

Basi shikeni haya ya mkono kabla sijaingia kwenye kisa. Kwanza, nunua buti zinazozidi mguu wako kidogo ili soksi mbili ziingie bila kubana. Mguu uliobanwa huganda haraka. Pili, theluji ifagiliwe kabla haijakanyagwa. Ikishakanyagwa inashikamana na sakafu, na hapo ndipo mtu anakimbilia mfuko. Tatu, chumvi haifanyi kazi kwenye baridi ile ya kugandisha nywele za puani. Siku hiyo mwaga mchanga, mtu apate pa kushikia mguu, na chumvi uiache ndani ya gari. Nne, ukimwaga, punje zisigusane. Chumvi ya kujaa kikombe kimoja cha kahawa yatosha kijia cha mbele ya nyumba na bado ikabaki ya ngazi. Ukisikia inalia chini ya buti, hapo umezidisha.

Sasa, hayo sikuanza nayo. Mwanzoni nilifanya kinyume cha hayo yote, tena kwa bidii. Amri ya Dale ilikuwa mwaga mpaka ilie. Tulikuwa na kazi kwenye hoteli moja kule Bloomington, karibu na lile duka kubwa linaloshinda mji wetu mzima kwa ukubwa, na wageni walitoka mle Januari na viatu vya visigino, wanatazama simu. Mgeni akiteleza, kesho barua ya wakili iko mezani. "Mungu atanisamehe," Dale alikuwa akisema, "wakili hasamehe." Kwa hiyo tulimwaga. Msimu ukiisha ungedhani yale maegesho ni mabwawa ya Gongoni, meupe vile vile, na nyasi za pembeni zimekauka hatua mbili tatu kwenda ndani. Sikuuliza nyasi zimekufa kwa nini. Nilikuwa nalipwa kumzuia mtu asianguke.

Kati ya mwaka wa kumi na mwaka wa ishirini wa karne hii, mwaka wenyewe mke wangu anaukumbuka kuliko mimi, tulipata kazi kwenye kanisa moja Maplewood. Kanisa lilikuwa na maegesho makubwa na ukanda wa ardhi pembeni yake, upande wa chini, ambao mchungaji aliwapa wanawake wa Kikongo walime. Kiongozi wao alikuwa Mama Riziki. Alitoka Kivu, akakaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, na huku alikuwa anafanya usafi hospitali. Akitoka zamu alikuja moja kwa moja bustanini na ile sare yake ya bluu, akavua viatu. Alikuwa mfupi, sauti yake ikisikika mpaka barabarani.

Siku ya kwanza alinijia kabla theluji haijaanza, jembe begani, nikiwa napima maegesho.

"Papa, hapa njo tunalimaka. Usitupe bichafu hapa."

"Siwezi, mama. Mimi ni mtu wa Pwani, nina adabu."

"Batu ba Pwani nabajua," akasema. "Mdomo muzuri." Lakini alicheka, akanieleza kuhusu maharage. Mbegu zake zilikuwa za mamake, nyekundu zenye madoa meupe. Alikimbia nazo Kongo, akazipanda kambini kila mwaka kwenye kipande kisichozidi mkeka, na zikaja Amerika ndani ya soksi ya mtoto. Msiniulize zilipitaje uwanja wa ndege. Mamake amefariki, nyumba yao haipo, picha hana hata moja. Vilivyobaki ni yale maharage, na aliniambia hivyo bila kulia, huku anang'oa magugu.

Basi theluji ilipoanza, mimi nikapata wazo. Mnajua Gongoni maji yalivyo. Mwanamke anaamka anapanga madumu, na mvua ikikosa msimu mmoja watu wanajua mwaka utakuwa mrefu. Nikatazama ile theluji yote ninayosukuma kutoka kwenye maegesho, nikajisemea, haya si maji haya? Nikamsukumia Mama Riziki. Kila niliposafisha nilipeleka theluji bustanini, nikaipandisha juu ya ile ya jana, nikaipiga na koleo isimwagike nje. Mpaka Februari palikuwa na mlima mrefu kunishinda. Nilikuwa najisikia mtu mwema sana.

Nilimwambia, tena kwa majivuno: "Mama Riziki, nakuwekea maji."

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani na bakuli la maharage limefungwa kwa kitambaa, akanipa dirishani mwa lori. "Papa Kassim, kumbe uko mutu muzuri." Niliyala humo humo kwenye lori, hita ya gari imewashwa, kioo kimejaa mvuke. Tangu nitoke Pwani sikuwa nimekula maharage mazuri kama yale.

Mmeshaona tatizo. Mtoto wa darasa la nne angeliona. Mimi niliyezaliwa kwenye chumvi, niliyepigwa kofi kwa ajili ya chumvi, sikuliona. Niliwaza theluji ni maji. Sikuwaza kwamba theluji hiyo nimeikokota juu ya maegesho niliyoyamwagia mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka ikalia.

Kampuni yetu wakati wa joto ilikata nyasi, kwa hiyo Juni nilikuwa pale pale kanisani na mashine. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye matuta. Maharage yalikuwa yameota, yakafikia urefu wa kidole, yakasimama. Majani ya njano, kingo zimeungua kahawia kana kwamba mtu amepitisha kiberiti. Mmoja alisema mbegu zimezeeka. Mwingine alisema ni yule jirani wa nyuma, mzee wa Kizungu mwenye mbwa mkubwa, huyo mbwa ndiye anayekojolea bustani na mwenyewe anatazama tu. Mama Riziki alikuwa amechuchumaa. Alikuwa amepanda karibu mbegu zote mwaka ule, kwa sababu ya yale maji. Kwenye soksi zilibaki za kujaa kiganja kimoja.

Mimi yale majani niliyajua. Kwetu ukingo wa bwawa ukibomoka, maji yakiingia shamba la mtu, majani huungua hivyo hivyo, kuanzia ukingoni. Nikazima mashine, nikapiga magoti, nikatia udongo ulimini. Wanawake wakanitazama.

"Papa, unakula udongo?"

"Naangalia tu," nikasema, nikatema, nikarudi kwenye mashine yangu.

Ndiyo, niliondoka. Nataka mjue hilo pia. Nilikata nyasi mpaka mwisho, nikapanda lori nikaenda nyumbani, mtaa wa Phillips, nikala chakula changu. Siku nne sikusema. Nilijiambia labda mvua italeta nafuu, labda kweli ni mbegu. Siku ya tano nikasikia kina mama wameshapanga kwenda kwa mchungaji ili yule jirani akatazwe kupita pale na mbwa wake, na kwamba wameacha kumsalimia. Mbwa wa watu angebeba chumvi yangu. Hapo nikashindwa, nikaenda.

Nilimkuta peke yake anamwagilia yale yaliyokufa.

"Mama Riziki, ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Chumvi. Ile theluji niliyokuwekea ilikuwa na chumvi yangu ndani. Mbwa hana kosa."

Aliweka ndoo chini taratibu. "Papa, tangu lini unafanyaka kazi ya chumvi?"

"Tangu kijana."

"Na haukujua?"

"Sikufikiri. Nilidhani nakupa maji."

Alijifuta mikono. Kisha akasema, "Unirudishie bakuli yangu."

Bakuli lilikuwa kwenye lori, nimelitumia kuwekea skrubu. Nikalimwaga, nikalifuta kwa shati, nikampa. Akalikagua ndani na nje. "Sasa," akasema, "chumvi inatokaka aje?"

Hilo nililijua. Chumvi haifi wala haiozi, unaiosha tu kwa maji matamu mengi, ikashuka chini ya mizizi, na ukitia jasi, ule unga mweupe wa mafundi wa dari, kwenye udongo inaachia haraka. Nilimweleza Dale kila kitu nikitegemea kufukuzwa. Alisugua masharubu, akaniuliza ile bustani ina ukubwa gani. Jumamosi alikuja mwenyewe na lori la tangi, lile ambalo majira ya baridi hubeba maji ya chumvi ya kunyunyizia barabara. Alikuwa amelisafisha mara tatu. Mama Riziki hakumwamini, akaniagiza nionje. Nikaonja mbele ya watu wote. Nikasema matamu. Ndipo akaruhusu bomba lifunguliwe.

Tulichimba mifereji, tukatia jasi, tukafurika maji, tukangoja, tukafurika tena. Kina mama walimwendea yule jirani na mandazi, wakamsalimia wote kwa mpigo mpaka akaogopa. Akaleta mpira wake wa maji kutoka nyumbani, mbwa akalala katikati ya matuta akitazama kazi. Watu waliimba. Dale alikuwa ameloa mpaka kiunoni, anauliza wimbo unasema nini, na hakuna aliyepata muda wa kumtafsiria.

Kitu kimoja tu kilinikata furaha kidogo. Maji yale yalishuka mtaroni, na mtaro unakwenda kwenye bwawa nyuma ya kanisa, na bwawa linakwenda ziwani ambako watu wanavua samaki. Nilimwonyesha Dale. Chumvi tuliyoitoa kwa mama huyu tulikuwa tunampelekea mwingine. Hakuna pa kuitupa. Dawa ni kutoimwaga. Dale alisimama pale na buti zake zimejaa maji, akasema hajawahi kutazama mtaro unakwenda wapi.

Zile mbegu za kiganja hatukuthubutu kuzitia ardhini. Niliomba ndoo jikoni mwa ile hoteli ya Bloomington, ndoo nyeupe za achari, tukazitoboa na kuzijaza udongo mpya. Zilikuwa zinanuka siki, kwa hiyo Mama Riziki alinilazimisha nilambe ndoo moja baada ya nyingine baada ya kuoshwa. Ardhini tukapanda bitiruti, vile viazi vyekundu vya saladi, na lengalenga, yaani mchicha, kwa sababu hivyo vinavumilia chumvi kidogo. Yale maharage ya kwenye ndoo nilikuwa nayapitia kila siku, hata siku isiyo ya kazi. Mke wangu alianza kuuliza ni mama gani huyo. Nikampeleka, wakawa marafiki, nikakosa amani kabisa.

Mpaka majani ya miti yanaanguka, soksi ilikuwa imejaa. Lakini theluji ilikuwa inarudi, na Mama Riziki akaitisha kikao: yeye, wenzake, mchungaji, Dale na mimi. Hoja yake ilikuwa moja. Mwaka huu chumvi ikimwagwa kama zamani, yeye hapandi.

Dale alikuwa na huruma, lakini alikuwa na hofu yake pia. "Nikipunguza chumvi," akauliza, nami nikamtafsiria Mama Riziki, "mtu akianguka itakuwaje?"

Mama Riziki hakuelewa ugumu wa swali uko wapi. Alinigeukia aone kama nimetafsiri sawa. Kisha akajibu: "Kama mutu anaanguka, tutamuinua."

Nikamtafsiria Dale. Akasema karatasi za bima hazina sehemu ya kuandika hilo.

Vijana wangu, nimefikiri sana juu ya jibu lile. Miaka yote nilidhani tunamwaga chumvi kwa sababu ya barafu. Barafu ilikuwa sehemu ndogo. Tulikuwa tunamwaga kwa sababu mtu anamwogopa mtu mwenzake, na woga huo ndio ulioua nyasi, ukaingia mtaroni, ukafika kwenye maharage. Tukitaka ziwa lipone, tuanze kwa kuaminiana. Sikusoma hilo mahali, nililionja.

Tulikubaliana hivi. Kina mama wangefika mapema kila theluji ikianguka Jumapili, na wangefagia. Ni desturi waliyokuja nayo: kwao, kama kwetu, mwanamke hawezi kuacha uwanja bila kufagiliwa asubuhi, hata ugenini. Theluji ile kavu, mpya, ufagio unaiondoa vizuri kuliko chuma. Walikuja kumi na wawili, vitenge juu ya makoti, wameinama wamejipanga mstari, wanafagia maegesho ya Maplewood kama uwanja wa nyumba moja. Mimi nilifuata nyuma na kikombe changu cha kahawa, natia punje kwenye ngazi na mteremko tu. Theluji yote tuliisukuma upande wa mbali, mbali na bustani.

Na mtu alianguka. Jumapili ya pili, mbele ya mlango wa kanisa, watu wanaingia ibada, miguu ilinitoka nikakaa chini kwa kishindo, kikombe kikaruka. Ndiyo, mimi, fundi wa chumvi. Kabla sijajua nimeumia wapi, mikono sita ilikuwa imenishika, wananipangusa mgongo, wananiuliza mifupa iko sawa, mmoja ananitafutia kofia, wote wanacheka. Dale alishuka kwenye lori mbio, uso mweupe. "Utanishitaki?" akauliza.

Nikamwambia sijapata nafasi. Nimeshainuliwa.

Mwaka uliofuata maharage yalipandwa ardhini. Kabla ya kupanda waliniita nionje udongo, wamenizunguka na majembe. Nilionja kila tuta, sikuharakisha. Nikasema hamna kitu humu, ni udongo mtupu. Mama Riziki alinikumbatia mpaka kofia ikadondoka, kisha akakumbuka mke wangu yuko pale, akamkumbatia na yeye.

Tulikula mavuno Septemba, kwenye meza ndefu pembeni ya maegesho, bugali na maharage yaliyopikwa kwa mawese, jirani na mbwa wake, Dale na masharubu yake. Mama Riziki alinijazia lile bakuli lile lile. Nikala kijiko cha kwanza. Yalikuwa laini, mazuri, lakini kusema kweli yalikuwa yamepungua kitu. Nikajizuia. Kijiko cha pili nikashindwa.

"Mama Riziki," nikasema polepole, "kuna chumvi?"

Meza nzima iliangua kicheko mpaka mbwa akabweka. Mkebe wa chumvi ukasogezwa mbele yangu, nikanyoosha mkono. Mama Riziki akauwahi, akauvuta kwake.

"Hapana weye," akasema. Akachota kwa ncha za vidole viwili, akanyunyiza mwenyewe, punje zisigusane.